Siku tatu Dar na watoto wawili, elfu ishirini kwa siku: tuanzie wapi?

MamaWawili_Dom
Habari zenu wakuu. Likizo ya Juni nitakuwa Dar na wanangu wawili, miaka 9 na 12. Tutafikia kwa ndugu Kimara. Bajeti ni 20,000 kwa siku kwa sisi watatu, nauli na chakula cha mchana humohumo. Hatutafuti mabembea wala maduka makubwa, nataka wauone mji wenyewe na bahari. Tuanzie wapi, nini kitakula hela bure, na kisiwani kunafikika kwa pesa hiyo?

Mpwani
Karibu sana dada. Kufikia Kimara ni bahati, maana basi la mwendokasi linawatoa hapo hadi Kivukoni bila kubadili gari. Msipande saa moja asubuhi, mtabanwa na watu wa kazini. Pandeni saa tatu. Mkishuka Kivukoni, siku nzima ni ya miguu, mzunguko wa kama kilomita nne.

Hatua chache mbele ni Soko la Samaki la Feri. Mnada mkali ni wa alfajiri, lakini hata saa nne mtakuta samaki wakipaliwa magamba na ngalawa zikiingia. Sakafu ina maji na utelezi, kwa hiyo kandambili hapana. Mkitoka hapo rudini na barabara ya ufukweni, bandari ikiwa mkono wa kushoto. Mtafika kanisa la Kilutheri la Azania Front, lile la vigae vyekundu ambalo Wajerumani walianza kulijenga 1898, kisha Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Wakati hakuna ibada mnaingia bure. Vaeni kwa heshima na simu ziwe kimya.

Msilipite Boma la Kale, mkabala na boti za Zanzibar. Ni la enzi ya Sultani Majid, miaka ya 1860, kabla Mjerumani hajatia mguu hapa. Waambie watoto wasogee ukutani: ni mawe ya matumbawe na chokaa. Kisha watazame juu. Majengo ya namna ile dari hubebwa na boriti za mikoko, na mkoko haurefuki ukabaki imara, ndiyo maana vyumba vya kale vya pwani ni vyembamba na virefu. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba. Mtoto akishalijua hilo, kila nyumba kongwe atakayoingia ataitazama dari kwanza.

Kutoka Boma pandeni hadi Mtaa wa Samora, pindeni kulia, mtaikuta Sanamu ya Askari. Iliwekwa 1927, mahali iliposimama sanamu ya Mjerumani Wissmann hadi 1916. Ni kumbukumbu ya askari na wapagazi Waafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Hao wapagazi, kwa Kiingereza "Carrier Corps", ndio walioacha jina la Kariakoo. Maandishi ya Kiswahili yapo chini, msomeni pamoja. Angalieni magari tu, kile ni kipita-shoto chenye shughuli.

Nyoosheni Samora hadi mwisho, mtakutana na Bustani ya Mimea, na Makumbusho ya Taifa iko pembeni, Mtaa wa Shaaban Robert. Ipeni saa mbili. Humo kuna habari za Zinjanthropus, fuvu lililopatikana Olduvai 1959, na magari waliyotumia viongozi wetu. Beba kitambulisho cha taifa (NIDA) ulipe kiwango cha Mtanzania, na uwe na salio kwenye simu, kwa sababu taasisi za serikali mara nyingi hukupa namba ya kumbukumbu ya malipo badala ya kupokea noti.

Utingo_Mstaafu
Niongeze jambo moja linalopoteza wageni kila siku. Daladala iliyoandikwa MAKUMBUSHO haiendi Makumbusho ya Taifa. Inaishia stendi ya Makumbusho, Kijitonyama, karibu na Kijiji cha Makumbusho chenye nyumba za asili za makabila. Hizo ni sehemu mbili mbalimbali, na ukizichanganya unalipa nauli mara mbili na jua limeshapanda. Kijiji nacho ni kizuri kwa watoto, kipe siku yake ya pili.

Daladala kwa kilomita 10 za kwanza ilipangwa 600 kwa mtu mzima mwishoni mwa 2023. Bajaji mpatane kabla hamjakaa. Neno "tutaelewana" hukulipisha zaidi mkishafika.

Tena, Ikulu iko karibu na hapo Feri. Msiipige picha, wala geti lake, wala askari.

MamaWawili_Dom
Asanteni mno, hilo la Makumbusho mbili lingenipata. Na bahari je? Coco Beach nasikia jioni ndiyo yenyewe, na watoto wanataka pia kupanda pantoni.

Maji_Kupwa
Dada, kabla ya kuulizia saa ya kwenda, utazame mwezi. Wengi hulalamika kwamba Coco haina mchanga, kumbe wamefika maji yamejaa siku ya bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida.

Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na siku mbili zinazofuata, ndiyo bamvua. Hapa Dar maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku husogea mbele kama dakika 50. Baada ya wiki moja yanakuwa maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, mambo yanageuka: kujaa ni kwenye saa nne, na jioni ndiyo maji yako nje. Tofauti ya kujaa na kupwa siku za bamvua hupita mita 3, kwa hiyo ufuo mzima unaweza kumezwa.

Kwa hiyo wiki ya bamvua nendeni Coco asubuhi, mcheze kwenye mchanga maji yakiwa nje. Wiki ya maji mafu nendeni jioni. Vyovyote iwavyo, watoto wavae viatu vya plastiki. Chini kuna mwamba unaokata na wale viumbe wa miiba myeusi, na mwiba ukivunjikia kwenye unyayo ni kazi kuutoa. Maji yakianza kujaa kwa nguvu, watoto watoke kwenye mwamba, kwani njia ya kurudi hufunikwa nyuma yao.

Chakula pale ni mhogo. Chagueni kibanda chenye wateja, ambapo mhogo unatoka jikoni sasa hivi. Ulio mzuri unapasuka kwa nje na ndani ni laini, unapakwa chumvi na pilipili. Uliokaa muda unakuwa mgumu kama kigaga. Ulizeni bei kabla ya kukatiwa, madafu vilevile.

Pantoni ya Kigamboni ni shilingi 200 kwa mtu. Malipo ni kwa N-Card, kadi ya malipo, iwekeni salio mapema. Asubuhi umati unatoka Kigamboni kuja mjini, jioni unarudi. Nyinyi nendeni kinyume chao: vukeni asubuhi, rudini kwenye saa kumi, mtapata nafasi ya kusimama ukingoni na kuuona mji wote. Watoto shikeni mikono geti linapofunguliwa, watu hukimbia.

Brashi_na_Rangi
Nyongeza kwa siku ya Coco: kule Oysterbay kuna ushirika wa wachoraji wa Tingatinga, mtindo wa uchoraji wa hapa Dar, kuangalia ni bure. Wanatumia rangi ya mafuta ya makopo juu ya ubao mwembamba. Kwanza mandhari inapakwa na kuachwa ikauke, kisha mnyama, mwisho madoa, moja moja kwa ncha ya brashi. Hapo ndipo watoto hukaa kimya. Mkinunua kadogo, guseni pembeni kwa kidole. Kikinata, msikifunge kwa gazeti, litagandia kwenye rangi. Chagueni kingine kilichokauka.

Mpwani
Kuhusu kisiwa, dada: Bongoyo na Mbudya zimo kwenye maeneo tengefu ya bahari tangu 1975, kwa hiyo kuna nauli ya boti na kiingilio cha hifadhi juu yake. Kwa watu watatu, 20,000 hazitoshi. Mkipata wenzenu wa kuchangia boti, ulizeni bei ya kwenda na kurudi pamoja, na msiingie boti isiyo na jaketi za kuokolea zinazowatosha watoto. Mkikosa, pantoni inatosha kuwaonjesha bahari.