Sindano za Kichina Unguja na Pemba: mliokwisha kuchomwa, tupeane uzoefu

Mwanzisha mada
Assalaam alaykum jamani. Mitaani kwetu kila mara nasikia mtu kaambiwa aende akachomwe sindano za Kichina, huyu mgongo, yule goti, mwengine kipandauso, na wote wanakwenda na maneno ya barazani tu kichwani. Mimi shingo yangu imetibiwa kwa sindano hizi na nimeona faida yake, ndiyo maana nataka anayekwenda mara ya mwanzo aende akijua. Tafadhali, tusilete ya kusikia. Leta lililokupata wewe au mtu uliyemuuguza.

Naanza mimi. Sindano yenyewe haina tundu wala dawa ndani. Ni chuma kitupu chembamba, unene wake kama robo ya milimita, wakati ile tunayodungwa hospitali kwenye msuli ni nene mara mbili au tatu ya hiyo. Wala si mambo mageni kwetu: madaktari wa Kichina wapo Zanzibar tangu miaka ya 1960, timu zao zinatoka jimbo la Jiangsu, wanafanya kazi hospitali ya Mnazi Mmoja mjini Unguja na ya Abdulla Mzee kule Mkoani, Pemba, na wa sindano wamekuwamo humo. Wazee wengi wameshachomwa, ukiwauliza watakwambia.

Mchumaji wa Mtambwe
Waalaykum salaam. Mimi nachuma karafuu, na lililoniharibika ni bega la kulia, la kuvutia tawi. Ilifika hadi kanzu navishwa na mke wangu.

Daktari akawa analibonyeza bega kwa kidole gumba, "Hapa? Hapa?", Kiswahili chake kikubwa kilikuwa hicho na "pole". Alipopata penyewe nikaruka. Akafungua pakiti mbele yangu, akapangusa kwa spiriti, akaweka kijimrija cha plastiki juu ya ngozi na kuigonga sindano kwa ncha ya kidole. Kuingia sikukusikia hata kidogo. Kinachokuja baadaye ndicho cha kuwatayarisha wageni: aliizungusha kidogo, nikahisi uzito unashuka mpaka kwenye kiwiko, mkono wote unavuta kwa ndani. Nikadhani kagusa pasipoguswa. Kumbe ndicho anachokitafuta. Kanitazama usoni, nikamwambia "mzito", akaitikia kwa kichwa na kuiacha hapo.

Kwa hivyo uzito, ganzi kidogo, mvuto, hayo yasikutishe. Lakini ukisikia mkato mkali au kitu kinachopiga kama shoti ya umeme kikakimbia mkononi, sema papo hapo aisogeze. Usijikaze kiume, yakhe, hakuna anayekupa tuzo.

Nililazwa nazo kiasi cha nusu saa. Usiku ule bega liliuma zaidi, kesho yake likalegea. Sikupona kwa mara moja, ilikuwa ni kurudi na kurudi, na baina ya hapo nikipandisha vidole ukutani kila asubuhi kama nilivyoelekezwa. Sindano peke yake bila ya lile zoezi, mimi sidhani kama ningeinua mkono leo.

Kijana wa Chwaka
Kaka wa Mtambwe kasema kweli tupu. Langu fupi: kuleni kabla ya kwenda. Mimi nilikwenda kwa ajili ya goti, Alkhamisi nikiwa na funga ya sunna, nikachomwa nikiwa nimekaa kitini. Jasho la baridi likanitoka, masikio yakaanza kuvuma, macho kiza. Walizitoa sindano zote haraka, wakanilaza chali, miguu juu ya mto, hadi nikarejea. Nikafungua kwa chai ya sukari. Tangu siku ile namwambia daktari mapema: nilaze, usinikalishe. Na ukishaona kizunguzungu kinaanza usingoje mpaka uanguke, ita.

Bi wa Wete
Wanangu, mimi niliamka alfajiri natia udhu, nikisukutua maji yanamwagika upande wa kushoto wa mdomo. Nikajitazama kwenye kioo, uso umekwenda upande, jicho halifumbi. Nyumbani kila mtu na lake: kapigwa na upepo, kakanyaga pasipokanyagwa, apelekwe kwa fulani akazinguliwe. Mwanangu wa kiume akakataa, akanitia kwenye gari moja kwa moja hospitali. Mpaka leo namuombea dua kwa lile.

Daktari akanambia nikunje paji la uso. Upande mmoja haukukunjika, mikono yote naiinua sawa, maneno yanatoka. Akasema hii ni neva ya uso, si kiharusi. Akanipa vidonge siku ile ile, na dawa ya kutia jichoni, na usiku nilifunge jicho kwa plasta ili lisikauke. Sindano zilikuja baadaye, kwenye shavu, kidevuni, juu ya nyusi na moja mkononi baina ya gumba na kidole cha shahada. Uso umerudi, alhamdulillah. Watu wananambia ni sindano. Mimi nasema vidonge vya mwanzo msivisahau.

Nesi mstaafu, Mkoani
Bi mkubwa, Mungu akuzidishie afya. Hapo umegusa jambo ambalo kazini limenitoa machozi. Vidonge vile vya kupunguza uvimbe wa neva vinataka vianze ndani ya saa 72. Anayezimaliza kwa kuzungushwa huku na huku anapoteza nafasi yake bora. Na kama pamoja na mdomo kupinda mkono nao umekufa nguvu, au maneno yanakwama, hicho huenda ni kiharusi, kimbilia hospitali saa ile. Si wakati wa sindano wala kombe.

Niseme na la ukweli, maana naipenda tiba hii na sitaki iuzwe kwa uongo. Katika tafiti nyingi, wagonjwa waliochomwa sindano za kuigiza nao walipata nafuu, tofauti na za kweli ikawa ndogo. NICE, wale wanaoandika miongozo ya tiba Uingereza, mwaka 2016 walisema zisitolewe kwa maumivu ya kiuno. Mwaka 2021 wakasema zinaweza kufikiriwa kwa maumivu sugu yasiyo na chanzo kinachoelezeka. Kwa kipandauso kinachojirudia zimesaidia wengi kupunguza siku za kuumwa. Kwa hiyo anayekwambia sindano zitakuondolea kisukari, presha au saratani, uache dawa zako, toka mlangoni kwake.

Mlangoni hapo hapo tazama mambo: sindano ziwe za kutumika mara moja, pakiti ifunguliwe ukiona, zikitoka ziingie kwenye kisanduku cha takataka kali. Sindano iliyopita kwa mwengine inaweza kukupa homa ya ini au Virusi vya Ukimwi. Kwa vituo vya mtaani, uliza usajili wake wa tiba mbadala. Mwenye kisukari aliyekufa ganzi miguu aseme, kwani kidonda cha unyayo hatakisikia. Mjamzito aseme hata kama ni wiki chache, kuna sehemu za mkononi na juu ya kifundo wanaoijua kazi huziepuka. Mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo asiunganishwe na ile mashine ya umeme wanayoifunga kwenye sindano.

Na mkichomwa kifuani, mgongoni juu au begani, kisha jioni pumzi ikawa fupi au kifua kinachoma ukivuta hewa, rudi hospitali usiku huo huo. Ni nadra, lakini sindano ikifika pafuni hewa huvuja.

Ummu Ilham
Dada nesi, ahsante sana. Mimi nilimpeleka mama, ametiwa vali ya moyo na anakunywa warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande. Kituo cha kwanza hawakuuliza chochote, wakawa wanamtayarishia kumuumika, yaani kumbandika vikombe vya kuvuta ngozi, na kumchanja pamoja na sindano. Nikamtoa. Tulipokwenda kwengine nikaweka pakiti za dawa zote mezani kabla hajavua viatu. Daktari akasoma, akauliza kipimo chake cha damu cha mwisho, akachoma chache tu tena juu juu, na kuumika akakataa kabisa. Alibaki na vialama vidogo vya kuvia damu, basi.

Kwa akina mama: vaeni dera pana na suruali inayopanda juu ya goti, chukueni na kanga ya kujifunika. Ombeni pazia, na mkitaka awepo mwanamke ndani, ombeni. Mama aliomba na hakuna aliyenuna.

Kijana wa Chwaka
Dada nesi, na Ramadhani je? Miadi yangu inaangukia humo.

Nesi mstaafu, Mkoani
Mwanangu, masheikhe wengi wanasema sindano isiyo ya lishe haibatilishi saumu. Kuumika ndiko kwenye khitilafu, kwa hilo muulize sheikhe wako. Ila wewe ulishazirai na tumbo tupu, kwa hiyo usichomwe ukiwa umefunga. Waombe miadi baada ya Idi. Goti lako limengoja miaka, litangoja na mwezi huu.