Elfu sitini ya likizo: vitabu, vifaa vya sanaa au tableti?

MamaNjiro
Heshima kwenu wakuu. Shule zinafungwa Ijumaa, mimi nina elfu sitini ya kuwashughulisha watoto nyumbani. Nimebaki na njia tatu: vitabu vya hadithi, vifaa vya mikono (rangi, gundi, makaratasi, shanga), au nijibane niongeze nichukue tableti iliyotumika, kuna duka wanaiuza laki na nusu. Baridi la Arusha la mwezi wa sita mnalijua, kabla ya saa nne hawatoki nje. Kesho napita mjini, nisaidieni leo.

Mchumi wa Pasua
Watoto wangapi? Miaka mingapi? Wanasoma shule ya Kiswahili au ingilishi midiamu? Mchana wanabaki na nani? Unatuuliza saizi ya nguo bila kusema anavaa nani.

MwalimuMstaafu
Akijibu hayo tutaelewana vizuri, ila kura yangu ni vitabu. Darasa la kwanza nimelifundisha miaka mingi. Kiswahili kina irabu tano, na kila moja sauti yake ni ileile popote utakapoikuta. Mtoto akishika ba be bi bo bu, siku hiyohiyo anakusomea "baba", "bibi", "babu", na anavyojisikia hapo hakuna wa kumshika. Chagua chenye picha kubwa na sentensi moja au mbili kila ukurasa. Ukikutana na vile vya Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza 1991, usiviache. Na kabla hujatoa hela, pita Maktaba ya Mkoa uulizie vitabu vya watoto. Arusha ipo, Moshi ipo.

Kijenge Juu
Shikamoo mwalimu. Lakini wa kwangu yuko ingilishi midiamu, nimnunulie vya Kiswahili vya nini? Kiswahili atakipata mtaani.

MwalimuMstaafu
Marahaba. Mtaani atajifunza kuongea. Kusoma atafundishwa na nani huko, konda?

Kijenge Juu
😂 Haya mwalimu, nimekaa.

Fundi Simu Mjini
Tableti mnairuka bure. Ila hiyo ya laki na nusu iliyotumika, dada, angalia betri kwanza, iache ikiwaka dukani nusu saa nzima. Kama shida ni vipindi tu, Ubongo Kids na Akili and Me wanaziona kwenye TV hiyohiyo mliyonayo. Na hadithi za African Storybook ziko bure mtandaoni, za Kiswahili zipo, unapakua kwenye simu yako, unachapisha steshenari, unabana kwa stepla. Kitabu hicho.

Mama Wawili Majengo
Mimi nakuja kwenye shanga. USINUNUE kama una mdogo. Mwaka juzi nilimnunulia binti yangu mkubwa shanga ndogo zile za Kimaasai atunge bangili. Kazi nzuri, ametulia, na mimi jikoni nimetulia. Mdogo wake, miaka mitatu, akaokota moja nyekundu chini ya kochi akaisokomeza puani. Hakulia. Nimekuja kujua jioni namuogesha, naona anapumulia mdomo. Nikachukua kibanio cha nywele nijifanye daktari, nikaisukuma ndani zaidi. Bajaji mpaka hospitali, tumekaa kwenye benchi mpaka saa sita usiku, kila anayepita anasema subirini. Mwisho nesi mmoja mtu mzima akaniambia niibane kwa kidole pua iliyo wazi, niweke mdomo wangu juu ya mdomo wa mtoto, nipulize mara moja kwa nguvu. Shanga ikaruka ikatua kwenye khanga yangu. Bangili haijamalizwa mpaka leo.

Mchumi wa Pasua
Pole sana dada. MamaNjiro, sasa umeona kwa nini tunauliza umri?

MamaNjiro
Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Ni watatu: miaka saba, mitano na miwili na nusu. Wanabaki na dada wa kazi. Wakubwa wanasoma shule ya serikali. Shanga nimefuta.

Kibosho Asilia
Elfu sitini ya nini jamani? Sisi tulitengeneza magari kwa magome ya mgomba, wanasesere kwa majani yake makavu, na jioni bibi anasema "Paukwa!" Kuhesabu tulihesabu vizibo vya soda.

Kijenge Juu
Mkuu, mgomba Njiro anautoa wapi? Atakuta watu wanamuuzia majani.

Kibosho Asilia
Majani makavu yanauzwa?! Nilete fuso?

Mama Wawili Majengo
Tuacheni migomba. Kwa huyo wa miwili na nusu fanya udongo wa unga: ngano vikombe viwili, chumvi kimoja, mafuta vijiko viwili, maji ya moto kidogokidogo huku unakanda mpaka usigande mikononi. Rangi ya chakula ukipenda. Dada asiondoke hapo, udongo usije ukaliwa, chumvi ni nyingi.

MamaNjiro
Mrejesho: nimerudi na vitabu vitatu, rangi za nta na unga kilo mbili. Wa saba anawasomea wenzake, ila kila ukurasa anadai ushuru wa karanga. Mdogo ameuonja udongo, akatema mwenyewe. Baba yao bado anaitaka tableti, tumeahirisha kikao. Swali: udongo umeanza kupasuka, naongeza maji au natupa?

Kijenge Juu
Hilo duka la laki na nusu liko mtaa gani?