Mke wa mchungaji ila kanisani najiona mgeni, nifanyeje?

Mama_K_Buhongwa: Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Mume wangu ni mchungaji, tumehamishiwa Mwanza mjini toka Sengerema, kule nilikuwa naimba alto, nafundisha watoto Jumapili, nikiumwa watu wanagonga mlango. Huku naitwa mama mchungaji tu, jina langu sidhani kama kuna anayelijua. Juzi kulikuwa na msiba nikajifunga kanga yangu nikaenda jikoni, ndo kwanza nimeshika kisu nimenye viazi mama mmoja akaninyang'anya, "hapana mama, wewe kaa", nikaletewa kiti cha plastiki na soda nikakaa turubaini na wazee nasikia wenzangu wanavyocheka huko kwenye mafiga. Nikisogea walipo stori inakatika. Mume anasema si wanakuheshimu tu. Hii ni heshima kweli au nakwepwa?

Ngosha_Igoma: Wanakuogopa mama. Mimi ni mzee wa kanisa nikwambie ukweli, mtu anawaza nikiropoka mbele ya mama leo, Jumapili baba anayo madhabahuni. Kwetu ilishatokea mahubiri yakagusa ndoa ya mtu, watu wote wakamnunia mkewe mchungaji, kumbe mwenye ndoa alienda kusimulia mwenyewe.

Dada_Mwaloni: Pole dada. Msibani usiende mchana, mapishi yanakuwa yashagawanwa na yana wenyewe. Nenda alfajiri kwenye kuosha masufuria, hakuna anayegombania sufuria la ukoko 😂 na hapo ndo umbea wote unapotoka. Na Sengerema usiwatupe, tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe Juni 2025 hakuna tena kusubiri kivuko, unaenda asubuhi mnapiga soga jioni uko kwako.

Mnyonge_wa_Pasiansi: Mi natofautiana kidogo. Mama mchungaji wetu wa zamani alipewa kila kitu, uenyekiti wa akina mama, mapambo, kulaza wageni, mpaka akaumwa, na hakuna aliyemuuliza anapenda nini. 1 Timotheo 3:11 inataka wake wawe wastahivu, si wasingiziaji, watu wa kiasi, waaminifu, uenyekiti haumo. Priska wa kwenye Matendo alikuwa anashona mahema na mumewe kule Korintho, na walipokuwa Efeso yule mhubiri Apolo wakamfundisha wote wawili, yaani kazi yake anaijua. Wewe umesema alto, si uende kwaya? Ila usikubali kukalishwa mbele, kaa huko nyuma ukosee noti mwalimu akufokee kama wengine, wakishaona umefokewa watakuzoea wenyewe.

Mama_K_Buhongwa: Hilo la mahubiri sikuwahi kuliwaza kabisa, asante Ngosha. Kwaya wana mazoezi Alhamisi, nitaenda, ijapokuwa sauti imeota kutu. Sasa mume nimwambie au anione tu Jumapili nimesimama na wenzangu?

Dada_Mwaloni: Mwambie bwana, asije akapotea kwenye mahubiri yake 😂😂

Ngosha_Igoma: Na umwambie hayo ya jikoni hutamletea.