Elimu bila ada, na laki sita ninayoombwa

Ndugu zangu, wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Mtoto wa marehemu kaka yangu amefaulu darasa la saba na amepangiwa shule ya sekondari ya kata. Wifi yangu ameomba laki sita kabla ya Januari. Nilivyojua mimi, elimu Tanzania ni bure tangu 2016. Sitaki kumdhania vibaya mama wa watu, lakini hapa Leeds nafanya zamu za usiku na hela hiyo ni ya kujibana. Mliofundisha nyumbani, nielewesheni.

Dada yenu, Leeds

—

Dada, marahaba, na hongera kwa huyo mtoto.

Wifi yako hakudanganyi. Nilifundisha shule ya kata miaka tisa kabla ya kuja Minneapolis. Kilichofutwa ni ada, na kwa sekondari ya kutwa ada yenyewe ilikuwa shilingi 20,000 tu kwa mwaka. Badala yake serikali ilipanga kuzilipa shule fidia ya ada hiyo. Sare, viatu, sweta, madaftari na begi vimebaki kwa mzazi. Chakula cha mchana wazazi wanakubaliana kikaoni: mahindi kiasi gani, maharage kiasi gani, na mpishi alipwe nini. Asiyechanga, mara nyingi mtoto wake anashinda na njaa.

Muulize wifi shule iko umbali gani. Kama ni mbali, ndani ya laki sita kuna kodi ya geto. Nimeyaona mageto hayo: chumba kimoja, wasichana wawili wa miaka kumi na nne, jiko la mkaa, dumu la maji, mlango wa komeo moja. Ijumaa wanarudi kwao kufuata unga. Hakuna mtu mzima wa kuwauliza mmelala saa ngapi. Mimi ningeanzia hapo kabla hata ya sare: kuna hosteli? Kuna mama wa kuaminika jirani na shule wa kukaa naye?

Lingine halimo kwenye orodha ya wifi, nalo linaniuma hadi leo. Shule ya msingi ya serikali mtoto amesoma kwa Kiswahili, kidato cha kwanza kila kitu kinageuka Kiingereza. Nilikuwa na binti aliyeielewa usanisinuru vizuri kabisa, jua, majani, maji, hewa, vyote anavyo. Nikamuuliza kwa Kiingereza, akasimama ameshika ukingo wa dawati, kimya. Wenzake waliotoka shule binafsi za Kiingereza walinyoosha mikono. Hawakumzidi akili. Wazazi wao walilipa miaka saba mapema. Mtihani wa darasa la saba huisha Septemba, hivyo mpaka Januari mtoto yuko nyumbani tu. Tafuta mwalimu wa kumfundisha Kiingereza kuanzia wiki hii.

Hela usitume kwa mkupuo. Wifi akupigie picha fomu ya kujiunga na shule, mpange pamoja cha kwanza na cha pili. Mwambie wazi kwamba ni mpango, asije akahisi anachunguzwa. Huyo ni mjane, ana mengi.

Kaka yako, Minneapolis

—

Kaka, Mungu akubariki. Nimempigia wifi, tumeongea saa nzima, na amelia kidogo. Shule ni kilomita kumi na moja, na kweli kuna geto. Mwenzake ni binti wa jirani ambaye hana ndugu yeyote wa kumtumia kitu. Nimepata mama mmoja mstaafu karibu na shule, atawapokea wote wawili, na unga nitatuma wa wawili. Mwalimu wa Kiingereza anaanza Jumatatu, naye nimemwomba awachukue pamoja.

Sasa naulizia kamusi. Aliye Dar mwezi huu anaweza kunichukulia nakala mbili na kuzipakia kwenye basi? Hela natuma leo.

Dada yenu, Leeds