Mjadala: Ajali za maduarani (mashimo ya dhahabu) Chunya, huo "uzembe" ni wa nani?

Wakuu, salaam kutoka Makongolosi.

Naleta mada hii kwa sababu nimechoka na neno moja. Mvua za Februari, upande wa Matundasi, jiwe lilimwangukia kijana chini ya duara likamvunja paja. Nilikuwepo pale juu wakati anatolewa kwa winchi, amefungwa kwenye mfuko kama mzigo wa mawe. Kesho yake kikao kikakaa, na taarifa ikatoka na sababu moja tu: uzembe wa mchimbaji. Ikaandikwa, ikafungwa, kompresa (mashine ya upepo ya kuchimbia) likawashwa.

Uzembe upi? Nimeshuka maduarani miaka tisa kabla ya kufungua duka la vipuri, acheni nieleze. Mkishalipua, utaratibu unajulikana hata kwa aliyefika kambini jana: moshi utoke kwanza, kisha ashuke mzoefu mmoja na mtaimbo, agongegonge dari. Mwamba mzima unalia kama chuma, uliolegea unatoa sauti ya debe tupu. Auangushe ule uliolegea, wafuate wa kusimika matimba, yaani magogo ya kushikilia dari, ndipo waingie wa kubeba mawe. Kazi hiyo ikifanywa sawasawa inakula nusu ya siku.

Nusu ya siku hiyo analipa nani? Kompresa ni la kukodi, linahesabiwa kwa siku. Dizeli ni ya mfadhili, mwenye mtaji, na ugali wa kambi ni wake pia. Mchimbaji hana mshahara. Ana chakula na mgawo, na mgawo unahesabiwa kwa mawe yaliyofika juu, matimba hayamo. Mtu anakaa miezi mitatu bila kuuona mkanda, yaani mwamba wenye dhahabu. Siku ukijitokeza, unamwambia asubiri moshi?

Na matimba yenyewe ni bei. Kukata miti porini bila kibali cha TFS, wakala wa misitu, ni kesi, kwa hiyo tunasubiri magogo ya kununua, mengine yanatoka mbali. Gari likichelewa watu wanashuka hivyo hivyo, "tutasimika kesho".

Jambo la pampu ndilo linaloniuma zaidi. Pampu iliyo juu haiwezi kuvuta maji yaliyo chini yake zaidi ya mita saba au nane, hata uongeze mpira namna gani. Kwa hiyo duara likijaa, watu wanaifunga kamba pampu ya petroli wanaishusha iungurume kule kule chini. Moshi wake una gesi ya sumu, kabonimonoksaidi, haina rangi wala harufu. Wa kwanza analegea miguu, anakaa. Mwenzake anashuka kumwokoa, naye anakaa. Nimeshuhudia wawili wakitolewa namna hiyo, na msibani watu walinong'ona kwamba wamerogwa.

Hoja yangu: ajali nyingi zinaanza juu, kwenye namna tunavyolipana, kabla mtu hajashika kamba. Nipingeni.

*Mwenye duara, Itumbi*
Mleta mada unaongea kama mtu aliyeacha kazi. Kofia ngumu nimenunua ishirini, leo zipo tisa, nyingine nimeziona zimebebea maji kijiweni. Viroba vya pombe vilipigwa marufuku 2017, lakini vijana wangu hawakosi cha kunywa asubuhi. Na nguzo je? Tunaacha nguzo za mwamba zishike dari, usiku watu wanaingia kuzikwangua kwa moko (patasi) kwa sababu wameona zina dhahabu. Dari ikishuka, mwenye leseni ndiye anayeitwa. Kuhusu hela, mimi mwenyewe nafadhiliwa na mnunuzi, benki hawataki hata kusikia neno duara. Unadhani nakaa juu ya shilingi?

*Mzee wa makaa*
Vijana, shikamoo zenu nazipokea mapema. Mimi sikuchimba dhahabu. Nilikuwa kwenye makaa ya mawe chini ya ardhi, mgodi wa huku huku nyanda za juu, sitautaja. Tulikuwa na mshahara wa mwezi, shifti, na mtu wa kupima gesi kabla hatujaingia, maana makaa yana methani, gesi inayolipuka, cheche moja inatosha. Kwa maneno ya mleta mada tusingeumia. Tuliumia. Mkanda wa kubebea makaa ulimla mwenzangu vidole viwili saa tisa usiku. Hakuwa mlevi na hakuwa na haraka ya mgawo. Alikuwa amesinzia, shifti ya pili mfululizo kwa sababu mwenzake hakuja. Na kinga ya mkanda ilikuwa imefunguliwa tangu wiki iliyopita ili kusafisha iwe rahisi. Mshahara hauzuii usingizi. Kinachozuia ni mtu mwenye mamlaka ya kusema leo hatushuki, akasikilizwa.

*Dada wa karasha*
Mnahesabu damu tu. Vumbi la mawe makavu hapa kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, na kule chini mnaliita nini? Mapafu yakishaganda kwa silika, madini yaliyomo kwenye vumbi hilo, hayarudi, na TB inapata pa kukaa. Huyo hamtamwandika kwenye taarifa ya ajali, atafia kwao.

*Mpita njia, Tunduma*
Na mganga aliyesema duara lifunguliwe kwa mbuzi mweusi, yeye yuko kwenye mgawo upi? 😂

*Mleta mada*
Huyo analipwa mapema kuliko wote, ndugu yangu.

Mzee, shikamoo. Umenibana. Nakubali nimelibebesha suala la mgawo mzigo wote. Lakini tazama ulivyomaliza: mtu wa kusema hatushuki. Kwetu huyo nani? Msimamizi wa duara naye yuko kwenye mgawo. Akizuia shifti anajizuilia mwenyewe, na wenzake watamkumbusha jioni.

Dada, sina la kujibu. Kweli tupu.

Mwenye duara, kuhusu nguzo uko sahihi, wanaokwangua usiku ni wahuni na wanaua wenzao. Ila nikuulize la fidia. Sheria ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ipo tangu 2008, na mchango anatoa mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi. Yule wa paja lililovunjika alikuwa mfanyakazi wa nani? Mfadhili anasema ni mshirika. Mwenye leseni anasema hamjui. Kijana amelala kwao na vyuma mguuni, ndugu wamechangishana. Angekuwa na mwajiri wa kwenye karatasi, kila mfupa ungekuwa na bei, na pengine matimba yangeonekana rahisi.

Mgodi wa Nyangarata kule Kahama, 2015, watano walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Nchi nzima tulisifu muujiza. Sikumbuki tukijadili kwa uzito ule ule kwa nini walifukiwa.

Pendekezo langu ni dogo. Kabla ya kugawana mifuko ya mawe, itolewe mifuko ya matimba na ya nusu ile ya siku ya kugonga dari, kama inavyotolewa ya dizeli. Aliyegonga dari alipwe hata kama hakubeba jiwe.

*Mwenye duara, Itumbi*
Nilishajaribu kitu kama hicho mwaka juzi. Wiki mbili tu, vijana sita wakahamia duara la jirani, kule hakukatwi chochote. Niliyebaki naye ni mpishi.

*Mleta mada*
Huyo jirani yumo humu? Naomba aje aongee.