Rozimari zangu zinanyauka na maji namwagilia kila siku, nisaidieni

MamaKihesa: Habari zenu wapendwa. Niko Iringa, Kihesa. Mwezi wa tano mvua zilipokata nilipanda rozimari tano mbele ya nyumba, nilitaka kichaka cha kijani mwaka mzima chenye maua na kisichodai maji mengi, maana huku mpaka ufike mwezi wa kumi na moja ni vumbi tu. Namwagilia asubuhi na jioni ili zishike, samadi nimeweka ya kutosha, cha ajabu mbili zimekuwa njano kuanzia chini majani yanapukutika, nyingine ncha zimekuwa nyeusi. Nikaongeza maji nikijua ni kiu ndo kwanza zinazidi. Udongo wangu ni ule mwekundu unaonata. Naumia kweli, miche alinipa shangazi kabla hajahama, sitaki ziishe zote.

MkulimaUyole: Pole sana dada. Maji ndo yanaziua. Asili ya rozimari ni vilima vya mawe kuzunguka bahari ya Mediterania, kiangazi cha kule ni kikavu haswa. Mizizi ikikaa kwenye tope inakosa hewa inaoza, ikioza haivuti maji tena, kwa hiyo juu unaona kiu wakati chini kumelowa. Ingiza kidole mpaka kiishe, ukikuta ubichi acha. Mche mchanga mara moja au mbili kwa wiki inatosha.

BustaniMafinga: Na samadi punguza mamii, ikishiba mbolea inakuwa laini laini na harufu inapungua. Zilizobaki hamishia kwenye tuta lililoinuka, changanya mchanga na kokoto, juani kabisa. Baridi yetu ya Juni usiiogope, inaivumilia.

MamaKihesa: Asanteni jamani. Nimechimbua ile iliyozidiwa, mizizi myeusi inanuka. Basi hiyo ndo imeenda?

BustaniMafinga: Hiyo imeenda, ila uzao wa shangazi haujaenda. Kwenye ile iliyo nzima kata vijiti kama sentimita kumi, chagua visivyokomaa sana wala visivyo na maua, pukutisha majani ya nusu ya chini, chomeka kwenye kiriba, kile kifuko cha kuoteshea miche, chenye mchanga mwingi. Kata nyingi hata kumi na mbili maana zote hazishiki. Ila usikate mpaka kwenye mti mkavu usio na majani, pale huwa hapachipui tena.

MamaKihesa: Nimekata kumi na nne leo jioni! Viriba niweke juani?

MkulimaUyole: Hapana dada, kivulini penye mwanga, mchanga uwe na ubichi tu usitote. Subiri wiki nne mpaka nane, ukivuta kidogo ukaona kinakataa ujue kimeshika. Halafu kipande mvua ikianza, ila kwenye tuta. Kikichanua yale maua ya bluu utaona nyuki watakavyojaa.

MamaKihesa: Viriba nimeviweka chini ya parachichi. Nikiona jani jipya narudi hapa na picha.