Mrejesho: Ukungu ndani ya kioo cha mbele cha gari

Niliuliza hapo awali kwa nini kioo cha mbele cha gari langu hujaa ukungu kwa ndani kila mvua inyeshapo, hata feni ikiwa imewashwa hadi mwisho. Chanzo kimepatikana: bomba dogo la kutolea maji ya AC lilikuwa limeziba kwa uchafu, hivyo maji yalirudi ndani na kulowesha sponji iliyo chini ya kapeti upande wa abiria, mahali ambapo ukigusa juu juu hugundui kitu. Fundi alilizibua, kisha tukainua kapeti na kuiacha ikauke kabisa, kazi iliyochukua muda mrefu kuliko matengenezo yenyewe.

Aliyeshauri niwashe AC pamoja na hewa ya moto alikuwa sahihi, kwa kuwa AC huikausha hewa kabla haijafika kwenye kioo. Ila swichi ya kuzungusha hewa ya ndani lazima izimwe, la sivyo unyevu wa pumzi za abiria hubaki humo humo. Povu la kunyolea, ambalo wengine hushauri lipakwe ndani ya kioo ili kuzuia ukungu, kwa maoni yangu huuchelewesha tu, tena huacha michirizi inayokera usiku unapopigwa na taa za magari yanayokuja.